Ndege Yenye Mapangaboi Mawili: Kazi Yake Inapimwaje?

Mazungumzo na wanakisomo katika maktaba ya kijiji

Leo tumekuja kulipa deni.

Mtakumbuka kwamba mwezi uliopita tulifungua pamoja kile kitabu cha picha za ndege. Tukafika kwenye picha ya ndege ya abiria ya Urusi ya Kisovieti, iitwayo Tu-114. Ndege ile ilikuwa na injini nne. Mbele ya kila injini palikuwa na mapangaboi mawili, moja likiwa nyuma ya mwenzake. La mbele lilizunguka upande mmoja, la nyuma lilizunguka upande wa pili. Bibi mmoja hapa akauliza: "Mwalimu, hilo la nyuma lina kazi gani? Si linakula upepo uliokwisha kutafunwa na mwenzake?"

Sisi tukajibu haraka haraka. Tulisema mapangaboi mawili yana ufanisi mara mbili ya pangaboi moja. Basi yule mzee wetu aliyepata kuwa karani wa mizani ya pamba akatutazama, akasema: "Mara mbili? Nani alipima, na alipima kwa mizani gani?" Hatukuwa na jibu. Tulicheka tu, tukafunga kitabu.

Swali la mzee halikutuacha tulale. Tumekwenda kusoma, na tumeona kwamba tulikosea, tena vibaya. Bibi aliuliza swali zuri na mzee aliuliza zuri zaidi. Leo tuyajibu yote mawili.

Tuanze na neno lenyewe. Ufanisi ni nini? Chukueni mashine ya kusaga. Unatia dizeli, unapata unga. Mashine mbili zikipewa dizeli sawa, ile inayosaga debe nyingi zaidi ndiyo yenye ufanisi mkubwa. Lakini hakuna mashine inayotoa kazi kubwa kuliko nguvu iliyopewa. Ukitia mia, utapata tisini, au themanini, au kumi. Mia na hamsini hupati. Sasa pangaboi moja la ndege, likitengenezwa vizuri na likienda mwendo unaolifaa, hutoa zaidi ya asilimia 80 ya nguvu linayopewa. Mara mbili ya 80 ni 160! Kumbe jibu letu la mwezi uliopita lingeweza kukataliwa hapo hapo, hata bila mizani. Hesabu ya darasa la kisomo ilitosha.

Kwenye ndege, kinachoingia ni nguvu ya injini ya kuzungusha shafti. Kinachotoka ni msukumo wa kupeleka ndege mbele. Lakini msukumo peke yake haujawa kazi. Ng'ombe wa jembe akivuta mpaka mishipa ikamtoka, na jembe limekwama kwenye kisiki, umelima nini? Hujalima kitu. Ndege nayo ni hivyo. Ikisimama uwanjani imefungwa breki, injini inanguruma, ufanisi wa pangaboi lake ni sifuri, kwa sababu haisogei. Kwa hiyo hesabu ni hii: chukua msukumo, zidisha kwa mwendo, halafu gawanya kwa nguvu iliyoingia kwenye shafti. Jibu ndilo ufanisi.

Sasa turudi kwa bibi. Nguvu inayopotea inapotelea wapi? Sehemu moja inapotea kwa mapanga kusuguana na hewa. Sehemu nyingine inapotea kwa sababu pangaboi haliwezi kusukuma ndege mbele bila kutupa hewa nyuma, na hewa hiyo inaondoka na mwendo wake. Hiyo haikwepeki. Mhandisi wa Uskoti, W. J. M. Rankine, alikwisha kuifikiria mwaka 1865 kwa ajili ya mapangaboi ya meli, kabla ndege hazijakuwapo.

Sehemu ya tatu ndiyo inayotuhusu. Akina mama wanaijua. Koroga uji kwa nguvu, kisha toa mwiko. Uji unaendelea kuzunguka kwenye sufuria, sivyo? Nani aliuzungusha? Ni mkono wako. Nguvu ya mkono wako imebaki ndani ya uji, inazunguka bure. Pangaboi nalo, pamoja na kutupa hewa nyuma, linaizungusha hewa hiyo. Kuzunguka huko hakusukumi ndege hata kidogo. Basi pangaboi la nyuma, linalozunguka kinyume, linaipokea hewa inayozunguka kulia na kuirudisha kushoto, mpaka inatoka ikiwa karibu imenyooka. Ile nguvu iliyokuwa ikipotea kwa kuzunguka inageuzwa kuwa msukumo. Kwa hiyo bibi alisema kweli kwamba la nyuma linakula upepo wa mwenzake. Lakini linakula makombo ambayo yangetupwa.

Makombo hayo ni kiasi gani? Hapo ndipo tunafika kwa mzee na mizani yake.

Wataalamu hupima ndani ya handaki la upepo. Ni bomba kubwa kama nyumba, lenye feni kubwa inayopuliza hewa. Badala ya ndege kukimbia kwenye hewa, ndege au mfano wake unasimama na hewa ndiyo inayokimbia. Mwendo wa hewa unajulikana kwa kupima jinsi inavyogandamiza kwenye mdomo wa kijibomba kinachoielekea. Kitu kinachopimwa kimeegeshwa juu ya mizani, ili kila kani ya kwenda mbele au kurudi nyuma isomeke.

Tufanye mfano kwa tarakimu zetu wenyewe, ili ziwe rahisi. Tuseme upepo unakwenda mita 100 kwa sekunde. Kwanza tunaweka lile gamba la mbele la ndege bila mapangaboi. Upepo unalisukuma nyuma, mizani inasoma kilo 30. Sasa tunafunga mapangaboi na kuyazungusha. Gamba linavutwa mbele, mizani inasoma kilo 74. Je, msukumo ni 74? Hapana. Mapangaboi yameshinda kwanza zile kilo 30, ndipo yakavuta 74 juu yake. Msukumo ni kilo 104. Kilo moja ni karibu nyutoni 10, basi ni nyutoni 1,040. Zidisha kwa mita 100, unapata wati 104,000, yaani kilowati 104. Hicho ndicho kinachotoka.

Mapangaboi yanapopuliza hewa yanalipiga na gamba lenyewe lililo nyuma yao, likarudishwa nyuma zaidi kuliko lilivyorudishwa na upepo mtupu. Kwa namna hii ya kupima, hasara hiyo imekwisha kutolewa ndani ya 104. Na ndivyo inavyotakiwa, maana rubani hanunui msukumo wa kwenye karatasi.

Sasa kinachoingia. Hapa ndipo penye mtego, na tunaomba mtusikilize vizuri.

Fundi seremala akishika keekee ya umeme, ikikwama kwenye mbao, inafanya nini? Inataka kumpindua mkono. Keekee ikizunguka kulia, mwili wake unataka kuzunguka kushoto. Pangaboi pia liko hivyo. Likizunguka upande mmoja, mota inayolizungusha inataka kuzunguka upande wa pili. Wataalamu wanautumia ukaidi huo. Mota haifungwi kwa bolti. Inalazwa juu ya beringi ili iwe huru kupinduka. Kisha inafungwa mkono wa chuma, tuseme wa nusu mita, na ncha ya mkono inakaa juu ya mizani. Mota inajaribu kupinduka, mkono unagandamiza mizani, mnasoma kilo. Huo ndio msokoto.

Duara la mkono wa nusu mita lina mzunguko wa mita 3.14. Shafti ikizunguka mara 20 kwa sekunde, ni kama kamba inayovutwa mita 62.8 kila sekunde. Mizani ikisoma kilo 100, yaani nyutoni 1,000, nguvu inayoingia ni wati 62,800. Tuseme kilowati 63.

Kwa pangaboi moja, mambo yamekwisha. Lakini yakiwa mawili? Mtu mvivu atasema: mota zote mbili ziko ndani ya gamba moja, basi tuweke mkono mmoja kwenye gamba, tupime mara moja tu. Haya, tufanye. Pangaboi la mbele linapindua kwa kilo 100 kushoto. La nyuma linapindua kwa kilo 96 kulia. Mizani ile moja itasoma nini? Itasoma kilo 4! Kilo 4 ni kilowati 2 na nusu. Tulipata kilowati 104 zinazotoka. Gawanya. Utaambiwa mapangaboi yametoa zaidi ya mara 41 ya nguvu yaliyopewa. Ndege ya namna hiyo ingeruka kwa kibatari.

Hapo mzee alipiga makofi kabla hatujamaliza, na sisi tulifurahi.

Kumbe ile sifa kubwa ya mapangaboi mawili, kwamba misokoto yao inafutana, ndiyo inayomdanganya mpimaji. Na ni sifa ya kweli. Waitalia waliitafuta sana. Walikuwa na ndege ya majini iitwayo Macchi M.C.72, yenye injini mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila injini na pangaboi lake. Ndege ya mashindano yenye pangaboi moja kubwa huzamisha boya lake la upande mmoja inapotaka kuondoka majini, kwa sababu ya msokoto. Kwa mapangaboi mawili, ilikaa sawa juu ya maji. Tarehe 23 Oktoba 1934, rubani Francesco Agello aliirusha juu ya ziwa Garda kwa mwendo wa kilomita 709 kwa saa. Hakuna ndege ya majini ya injini za pistoni iliyopita mwendo huo mpaka leo. Lakini kukaa sawa si ufanisi. Ni mambo mawili, na sisi mwezi uliopita tuliyachanganya.

Basi njia ya haki ni kupima kila shafti peke yake. Mizani ya msokoto iwe mbili. La mbele kilo 100, kilowati 63. La nyuma kilo 96, kilowati 60. Unajumlisha, hutoi. Jumla kilowati 123. Sasa gawanya 104 kwa 123. Unapata karibu asilimia 85. Hilo ni jibu la mtu mzima.

Siku hizi hawatumii sana mikono ya chuma. Wanagundisha nyaya nyembamba sana juu ya shafti. Shafti ikisokotwa kidogo, hata kiasi kisichoonekana kwa macho, waya unanyooka na umeme unapita kwa shida zaidi. Wanasoma shida hiyo. Lakini nayo ni mizani, na ni lazima ifunzwe kwanza kwa mawe ya uzito unaojulikana. Kabla upepo haujawashwa wanasoma sifuri. Wakizima wanasoma sifuri tena. Isiporudi mahali pake, kazi ya siku hiyo inatiliwa shaka.

Jambo hili si geni kwetu. Tulipokuwa vijana tuliwahi kupeleka pamba ya mama mahali fulani, na mshale wa mizani ulikuwa umelala chini ya sifuri kabla gunia halijapanda. Tulisema, tukaambiwa tusichelewesha foleni. Tulirudi nyumbani na pungufu ambalo mama alilijua kwa mikono yake mwenyewe, maana ndiye aliyechuma.

Sasa mtauliza, asilimia 85 ni nyingi au chache? Peke yake haitwambii kitu. Lazima ilinganishwe na pangaboi moja, na hapo napo pana ujanja. Mtu akichukua pangaboi moja lenye mapanga matatu, akalishindanisha na mawili yenye matatu matatu, huyo ameshindanisha mapanga matatu na sita. Mawili yakishinda, yameshinda kwa sababu ya kuzunguka kinyume, au kwa sababu ya wingi wa mapanga? Huwezi kujua. Mapanga sita yapambane na sita, urefu uwe ule ule, na nguvu iwe ile ile.

Wamarekani walifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika kituo cha utafiti cha Langley, jimbo la Virginia. Handaki lao lilikuwa na upana wa futi 20, karibu mita sita. Mapangaboi yalikuwa ya futi 10, mtu wa kawaida angesimama chini ya nusu yake asiifikie ncha ya juu. Walipima mapanga manne kwa manne na sita kwa sita. Waligeuza ulalo wa mapanga kutoka digrii 20 mpaka 65, kwa sababu ufanisi si namba moja. Unabadilika kila mwendo wa ndege na mwendo wa kuzunguka unapobadilika, na inabidi kupima mara nyingi na kuchora mstari.

Walipata nini? Mapangaboi mawili yalishinda moja kwa asilimia 0 mpaka 6. Basi! Mahali pengine faida ilikuwa sifuri kabisa. Na hawakuishia hapo. Waliweka bawa nyuma ya mapangaboi, kama ndege ya kweli ilivyo. Faida ikashuka karibu nusu. Kwa nini? Kwa sababu bawa lenyewe, ingawa halizunguki, linainyoosha hewa inayozunguka. Pangaboi moja likiwa na bawa nyuma yake, bawa linaokota sehemu ya makombo bila malipo.

Sisi jambo hili limetupendeza kuliko yote. Aliyepima bila bawa hakusema uongo, tarakimu zake ni za kweli. Lakini mnunuzi wa ndege akizitumia hizo, atatazamia mafuta yatakayobaki, na hayatabaki.

Tena tazameni udogo wa hiyo faida. Tunatafuta asilimia 3 hivi. Kwenye mfano wetu wa kilo 104, asilimia 3 ni kilo 3. Mizani ikikosea kilo 2, theluthi mbili za faida zimetoweka, au zimezuka zisipokuwapo. Ndiyo maana wanasumbuka na sifuri.

Mzee mmoja aliuliza: "Kama faida ni ndogo hivyo, Warusi walisumbukia nini?" Swali zuri. Injini ya Tu-114, iitwayo NK-12, ilikuwa na nguvu kubwa mno, zaidi ya nguvu za farasi 12,000. Pangaboi moja la kumeza nguvu hiyo lingekuwa refu kupita kiasi, na ncha zake zingekimbia kuliko sauti, jambo linaloharibu ufanisi. Kwa mawili, yenye mapanga manne manne na upana wa mita 5.6, nguvu yote ilimezwa. Wale wa Langley nao waliandika kwamba kumeza nguvu nyingi ni faida mojawapo. Mwaka 1960, Tu-114 ilizunguka njia ya kilomita 5,000 ikiwa na tani 25 za mzigo, kwa wastani wa kilomita 877 kwa saa. Ndege ya pangaboi kwenda namna hiyo!

Hasara zipo, na nyingine hazionekani kwenye mizani yetu. Injini moja kuzungusha shafti mbili kinyume inahitaji giaboksi nzito, nayo inapata moto, na moto ni nguvu iliyopotea. Ukipima kwenye shafti za mapangaboi, giaboksi iko nyuma yako, huioni. Wamarekani wa General Electric waliikwepa kwa injini yao ya GE36, ambayo mapanga yake yalizungushwa na tabo zenyewe bila giaboksi. Waliirusha kwenye Boeing 727 mwaka 1986. Mafuta yalipungua kweli. Lakini katika miaka hiyo bei ya mafuta ilishuka, na mashirika ya ndege hayakuona haja ya kuinunua.

Hasara nyingine ni kelele. Panga la nyuma linapokata hewa iliyochafuliwa na la mbele, linapiga kelele kali, na zinapokuwa nane zinazopishana hivyo, watu wa karibu na uwanja hawalali. Wafaransa wa Safran walijaribu injini ya namna hiyo chini, huko Istres, mwaka 2017. Halafu mwaka 2021 Safran na General Electric wakatangaza mpango mwingine, uitwao RISE. Humo mapanga ya mbele yanazunguka, na ya nyuma yamesimama tu, yananyoosha hewa. Mnakumbuka lile bawa la Langley?

Sasa kazi ya nyumbani. Mkono wa mizani ni nusu mita, shafti zinazunguka mara 20 kwa sekunde, upepo ni mita 100 kwa sekunde. Mizani ya shafti ya mbele inasoma kilo 50, ya nyuma kilo 50. Gamba bila mapangaboi linarudishwa kilo 20. Likiwa na mapangaboi linavutwa mbele kilo 31. Ufanisi ni asilimia ngapi? Na yule mvivu mwenye mizani moja ataandika nini kwenye daftari lake? Njooni na majibu Jumatano. Mzee karani wa mizani ndiye atakayesahihisha.